Visa ya mwaka mzima, siku 90: niende kwa mwanangu tarehe 10 au nisiende?

MamaMahamri, Malindi
Ijumaa 1 Agosti 2025, saa 3:40 usiku

Assalaam aleikum jamaa wote. Ni mimi yule mama wa mahamri wa Shela. Shela ya Malindi, si Shela ya Amu, maana mara ya mwisho niliuliza jambo hapa nikaelekezwa kwa mwenye boti wa Manda.

Kuna jambo limeninyima usingizi tangu Jumatano. Binti yangu ameolewa Bergamo, Italia, na Mtaliano waliyejuana hapa hapa Malindi. Ana mimba yake ya kwanza na daktari amemkadiria 25 Agosti. Huko hana shangazi, hana somo, hana hata jirani wa kumchemshia maji ya kujikanda. Mume kazi zake ni za usiku. Nimemwahidi kuwa nitamlea uzazi mpaka arubaini itoke, na ahadi hiyo nilimpa mbele ya marehemu mama yangu alipokuwa hai, kwa hiyo hapa hakuna kurudi nyuma.

Visa ninayo. Kabla ya hii nilipewa tatu ndani ya miaka miwili, zote za kuingia mara moja, siku 30 kila moja. Nilizitumia na nikarudi kwa wakati bila kuzidisha hata usiku mmoja. Hii ya nne wakanipa ya mwaka. Pasipoti iko mbele yangu hapa, na miwani nimevaa. Stika inasema kutoka 10-03-25 hadi 09-03-26. Mahali pa idadi ya kuingia pameandikwa MULT. Mahali pa siku za kukaa pameandikwa 90.

Nimeshaitumia safari moja. Nilishuka Malpensa, Milano, 20 Machi, kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, nikatoka 18 Mei. Sasa nataka kwenda tena 10 Agosti nirudi 10 Oktoba. Tiketi imeshikwa lakini sijalipa, na mwisho wa kulipa ni Jumatatu.

Ajenti anayenikatia tiketi kaniambia nisijisumbue kuhesabu. Eti visa ni ya mwaka, na kama naogopa zile 90, nikishakaa mwezi nipande treni na mkwe wangu twende Lugano, Uswisi, tunywe kahawa, tulale usiku mmoja, turudi. Siku zinaanza upya moja. Jirani yangu naye, ambaye mwanawe yuko Ujerumani, kasema huo ni uongo mtupu na nitafungiwa nisiende tena maisha yangu.

Nimwamini nani? Na kama siku zangu ni chache, ni ngapi hasa? Msinijibu "inategemea". Hilo nimeshajibiwa na wanne.

---

Kijana_wa_Silversands
Ijumaa 1 Agosti, saa 4:05 usiku

Shikamoo mama. Mbona rahisi, visa ya mwaka si ni mwaka? Kaka yangu ana visa ya Uingereza ya miaka miwili, anaingia anakaa miezi mitano, anatoka, anarudi tena. Hajawahi kuulizwa kitu. Nenda zako ukamlee mjukuu. Na mahamri utuachie nani?

---

Mapokezi_Mstaafu, Malindi
Ijumaa 1 Agosti, saa 5:20 usiku

Waaleikum salaam Bi. Kijana, kaa kitako kidogo, utampeleka mama wa watu pabaya.

Miaka 22 nilikaa kaunta ya hoteli hapa mjini na pasipoti zilizopita mkononi mwangu sina hesabu yake. Kosa lililowaponza watu wengi kuliko yote ni hili: kuchukulia tarehe za visa kuwa ndizo siku za kukaa. Hivyo ni vitu viwili. Zile tarehe "kutoka" na "hadi" zinasema mlango uko wazi lini. Zile 90 zinasema ukishaingia ndani unaruhusiwa kukaa siku ngapi. MULT maana yake mlango huo unaupita mara nyingi utakavyo, haikuongezei siku hata moja.

Kaka yake kijana yuko kwenye sheria nyingine kabisa. Visa ya Uingereza ya mgeni, hata ikiwa ya miaka miwili, mitano au kumi, inakupa hadi miezi sita kwa kila safari. Marekani nako visa ni ya kukufikisha mpakani tu, afisa wa pale ndiye anayekuandikia mwisho wa kukaa. Bi anakwenda Italia, na Italia imo katika Schengen, nchi 29 zenye mlango mmoja. Huko kanuni ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote.

Hilo neno "zozote" ndilo lenye kazi. Si nusu ya kwanza ya mwaka na nusu ya pili. Wala hesabu haianzi siku ya visa. Kila siku unayoamka ukiwa ndani ya Schengen, unajiuliza: nikihesabu kurudi nyuma siku 180, na leo ikiwemo, nimelala huku siku ngapi? Jibu likizidi 90, umevunja sheria. Siku ya kuingia inahesabiwa, na siku ya kutoka inahesabiwa.

Sasa Lugano. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, na hapo ndipo ajenti alipoteleza, lakini imo katika Schengen tangu 2008. Ukienda kunywa kahawa Lugano bado umo ndani na siku zinakatwa vilevile. Hata ungekwenda Albania au London, ambako ni nje kweli, usingeanza upya. Ungekuwa umesimamisha kuhesabu kwa zile siku ulizokuwa nje, basi. Zile ulizokwishatumia ziko palepale mpaka zizeeke siku 180.

Tuje kwako. Machi 20 hadi 31 ni siku 12. Aprili 30. Mei 18. Jumla 60. Ukiingia 10 Agosti, kurudi nyuma siku 180 kunakufikisha 12 Februari, kwa hiyo zile 60 zote zimo. Umebakiwa na 30. Siku yako ya mwisho kuwa ndani ni 8 Septemba. Mtoto akizaliwa tarehe 25, utamwacha ana wiki mbili.

Lakini usilie bado. Chukua kalenda uhesabu tangu siku ya pili ya kutoka kwako, 19 Mei, siku 90 za kuwa nje. Zinaisha lini?

---

MamaMahamri
Jumamosi 2 Agosti, saa 11:50 alfajiri

Nimesoma usiku, nikaswali, nikarudi kusoma. 8 Septemba! Wiki mbili ndiyo kwanza kitovu kimedondoka.

Hesabu za kwenye karatasi mimi hunichanganya. Mbaazi za leo zilikuwa zimeloweshwa, nikachukua kavu nikamwaga kwenye sinia. Nimezihesabu kutoka 19 Mei. Mei zikaingia 13. Juni 30. Julai 31. Hapo 74. Zikabaki 16, kwa hiyo zimeishia 16 Agosti. Nimeona lakini sijaelewa. Kuna nini hiyo 16 Agosti?

---

Mapokezi_Mstaafu
Jumamosi 2 Agosti, saa 2:15 asubuhi

Bi, mbaazi zako zina akili kuliko ajenti.

Zizoe kwanza. Weka zile 60 za safari ya kwanza upande wa kushoto kwa mstari, ya 20 Machi mbele kabisa. Sasa tuseme umeingia 17 Agosti. Kila siku unayokaa, weka moja upande wa kulia. Ikifika 15 Septemba kulia ziko 30, kushoto 60, jumla 90. Kesho yake, 16 Septemba, unaongeza moja kulia. Lakini siku hiyohiyo ile ya 20 Machi imetimiza umri, imetoka nje ya siku 180. Iondoe. Jumla bado 90. Tarehe 17 unaweka moja, unaondoa ya 21 Machi. Bado 90. Unakwenda hivyo, moja inaingia moja inatoka, mpaka 14 Novemba, ndipo upande wa kushoto unapokwisha.

Umekaa siku 90 kamili mfululizo, bila kuvunja chochote.

Rudia hivyo hivyo ukiingia 16 Agosti. Kulia zitafika 30 tarehe 14 Septemba. Tarehe 15 unaweka ya 31, na kushoto hakuna iliyozeeka bado. 91. Umeharibu.

Yaani ukishuka Milano tarehe 16 una siku 30. Ukishuka tarehe 17 una 90. Usiku mmoja tu katikati. Ndiyo maana wanaojua husema: ukikaa nje siku 90 mfululizo, unaporudi unapewa 90 mpya. Wengi huishika kanuni hiyo kama kasuku bila kujua inatoka wapi. Inatoka kwenye sinia lako.

---

WaWatamu_1
Jumamosi 2 Agosti, saa 3:30 asubuhi

Mama, msikilize huyo mzee. Mimi niliingia 3 Julai, mwaka si muhimu, nikakata tiketi ya kurudi 3 Oktoba. Akilini mwangu: miezi mitatu, siku tisini, nimepatia. Kumbe Julai ina 31 na Agosti ina 31, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zimo. Zilitoka 93.

Kwenye kibanda cha pasipoti afisa akafunua ukurasa, akaangalia muhuri, akafunua tena, akanitazama. Akahesabu kwa kidole mezani. Nikawekwa pembeni kwenye benchi karibu saa nzima, abiria wenzangu wananipita na wananitazama kama nimebeba kitu. Nikaandikiwa karatasi nitie sahihi. Ndege niliipanda, lakini moyo ulikuwa mkononi. Nilipoomba visa tena nikakataliwa, na sababu wakaiandika waziwazi: alipitiliza siku. Ada nililipa, haikurudi. Siku tatu tu! Siku hizi hiyo ada ni euro 90, hebu izidishe mwenyewe kwa shilingi.

Na usimwambie afisa "ajenti aliniambia". Nilijaribu.

---

MamaMahamri
Jumamosi 2 Agosti, saa 8:10 mchana

Pole sana mwanangu. Benchi hilo nimelihisi mpaka hapa.

Nimemaliza kuuza, nimefunga jiko, nimefanya kama alivyosema Mapokezi. Sinia kubwa la pilau, mbaazi 60 kushoto, na mjukuu wangu wa hapa, wa kaka yake huyu binti, ana miaka minane, yeye ndiye anatia kulia huku anataja tarehe. Nikimwambia 16 Septemba, anaweka yake, mimi natoa yangu. Mpaka akachoka akasema, "Nyanya, mbona hazizidi?" Nikamwambia ndiyo raha yake.

Mara ya pili tukaanza na tarehe 16. Alipofika 15 Septemba akapiga kelele, "Tisini na moja!"

Basi nimeelewa, na sitosahau tena mpaka nikazikwa. Kinachoniuma ni kuwa visa nimekuwa nayo tangu Machi na hakuna aliyeniambia, wala aliyenipa stika wala aliyenikatia tiketi. Mwezi wa tano nilikaa wiki mbili za mwisho Bergamo bila kazi yoyote, natazama mvua dirishani, kwa sababu tu tiketi ilikuwa rahisi ukirudi tarehe 18. Ningerudi tarehe 4 leo ningekuwa nimeshapanda ndege.

Nimempigia ajenti. Kwanza akawa mkali. Nikamsomea tarehe moja moja. Akanyamaza, kisha akasema kuna nafasi ndege inayotoka Mombasa 16 Agosti usiku kupitia Addis Ababa. Je, inafaa? Naondoka tarehe 16 lakini nafika tarehe 17.

---

Mwana_wa_Amu, Lamu
Jumamosi 2 Agosti, saa 10 jioni

Bi, samahani kwa yule aliyekutuma kwa mwenye boti wa Manda, nadhani nilikuwa mimi.

Nikatie neno hapo hapo. Sisi huku tunapokea wageni, na ujinga huu wanao hata wao. Juzi kaja mama mmoja wa Kizungu na ile visa ya utalii ya Afrika Mashariki, dola 100, siku 90, kuingia mara nyingi. Akapanga: Lamu, Zanzibar, kisha arudi Lamu kumalizia. Ikabidi nimkalishe barazani nimweleze kuwa ile "mara nyingi" ni ya kuzunguka Kenya, Uganda na Rwanda tu. Tanzania haimo. Ukienda Zanzibar unalipia visa ya Tanzania mbali, na ile ya nchi tatu umeitoka. Akaniambia, lakini imeandikwa kuingia mara nyingi! Nikamwambia ndiyo, lakini muulize mara nyingi wapi.

Na visa ya kawaida ya Kenya tangu Januari 2024 haipo tena, ni kibali cha kielektroniki, eTA, unaomba kabla ya kupanda ndege. Bado kuna anayeshuka Nairobi akitafuta dirisha la kulipia visa.

---

Mapokezi_Mstaafu
Jumamosi 2 Agosti, saa 1:45 usiku

Bi, inayohesabiwa ni siku unayogongwa muhuri wa kwanza wa Schengen. Kutoka Mombasa, kuzunguka Addis, hizo si zao. Ukitua Milano moja kwa moja kutoka Addis, muhuri ni Milano. Ukipitia Frankfurt, basi muhuri ni Frankfurt, hata kama unakwenda Italia.

Kwa hiyo kutua tarehe 17 kunafaa kisheria. Ila mimi nisingekufanyia hivyo. Umejibana kwenye ukingo bila sababu. Nenda utue tarehe 18. Ukitaka kukaa mpaka 10 Oktoba, safari itakuwa siku 54, na siku hiyo ya kutoka bado zitakuwa zimebaki 35 za safari ya kwanza kwenye sinia. 89. Uko salama, na hata ndege ikiahirishwa wiki hutetemeki, kwa sababu kila siku mbaazi moja ya zamani inakuachia nafasi.

Mengine ya haraka. Bima: ile uliyoonyesha ubalozini ilikuwa ya safari ya kwanza, kata nyingine, isipungue euro 30,000. Beba barua ya mwaliko ya mkwe, tiketi ya kurudi na karatasi ya daktari wa binti, kwa sababu visa haimfungi afisa mikono, anaweza kukuuliza unakwenda kufanya nini. Mkwe naye akumbuke kuripoti kwa polisi ndani ya saa 48 kuwa amepokea mgeni, ni sheria yao. Na wametangaza juzi kuwa kuanzia 12 Oktoba wanaanza mfumo wa kompyuta wa kuingia na kutoka, alama za vidole na picha ya uso, hatua kwa hatua mpaka 10 Aprili 2026, ndipo mihuri iondoke. Hapo hakutakuwa na afisa wa kuhesabu kwa kidole. Mashine itahesabu.

Kuongezewa siku ukiwa huko kupo, lakini ni kwa dharura tu, ugonjwa mkubwa au jambo lililokuzuia kusafiri. Arubaini ya mjukuu wao hawaijui.

---

MamaMahamri
Jumapili 3 Agosti, saa 4 asubuhi

Nimelipa. Natua Malpensa 18 Agosti, narudi 10 Oktoba. Binti nimemweleza, kalia kidogo kwa hiyo wiki moja, kisha akauliza kama mtoto anaweza kuambiwa asubiri. Mungu akupe umri, Mapokezi. Ukipita Shela uliza mama wa mahamri, yako hulipi.

La mwisho kabisa. Nimemtengenezea samli ya mzazi, chupa mbili, na nina nazi kumi za shamba la ndugu yangu kule Mambrui. Zitapita?

---

WaWatamu_1
Jumapili 3 Agosti, saa 4:25 asubuhi

Samli iache mama, ni ya maziwa, na kitu cha maziwa au nyama kutoka kwetu wanakitupa hapohapo mbele ya macho yako. Matunda karibu yote yanataka cheti. Lakini nazi wameiruhusu, pamoja na ndizi, mananasi, tende na lile dude la Asia, durian. Zifue kabisa makumbi, upunguze kilo.

---

MamaMahamri
Jumapili 3 Agosti, saa 4:31 asubuhi

Basi nabeba zote kumi. Mbuzi ya kukunia anayo, niliiacha Machi.